Mkipeleka Kampuni Zetu Juba

Haya ni ya maafisa wa biashara, vyama vya wafanyabiashara na mabenki ya Nairobi yanayowasukuma wakandarasi wakajenge Sudan Kusini. Wamefilisika wa kutosha.

Fanyeni

Ulizeni nani analipa. Si nani ametia saini. Serikali ya Juba huishi kwa mafuta, na Januari 2012 iliyafunga yenyewe kwa ugomvi na Khartoum. Hayakutoka tena hadi 2013. Mwaka huohuo wa 2012 barabara ya Juba–Nimule, kilomita 192, ilikamilika, kwa sababu fedha zilikuwa za Marekani. Mtafutieni mkandarasi mdogo kazi chini ya miradi ya wafadhili kwanza. Ya wizara baadaye, na kwa malipo ya awali.

Andikeni bei kwa dola. Desemba 2015 pauni ya huko iliachiwa sokoni: dola iliyokuwa chini ya pauni 3 ikaruka hadi zaidi ya 18. Aliyedai kwa pauni alilala na faida, akaamka na nauli.

Fikisheni saruji kabla ya mvua. Nje ya lami lori huzama, na dereva hukaa nalo hapo.

Msifanye

Msiuze ujirani. Mkataba wa amani kutiwa saini Nairobi mwaka 2005 si dhamana ya benki. Wala kujiunga kwao na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Msiseme vita vimekwisha. Vilisemwa vimekwisha kabla ya Desemba 2013, na tena kabla ya Julai 2016, risasi zilipolia Juba na Kenya Airways ikasitisha safari. Bima ya kawaida ya mali hailipi hasara ya vita. Mnalijua hilo, mbona hamwaambii wateja?

Msiruhusu mali kauli kwa serikali, hata kwa barua yenye muhuri. Wafanyabiashara wa Uganda walipeleka nafaka, wakangoja miaka, mwishowe wakaibana Kampala iwalipe deni la Juba. Walipa kodi wa Uganda hawakula hata punje.

Na msimkabidhi mtu kwa dalali. Kila hoteli ya Juba ina jamaa anayemjua waziri. Waziri hubadilishwa kwa tangazo la jioni redioni, na kesho yake jamaa huyo anamjua mwingine, kwa ada mpya.