Kalibu Njema, Tofali Jema

Huko Nunguni, katika vilima vya Kilungu, nyumba ya matofali ya kuchoma ni fahari ya mwenyewe. Lakini matofali yaliyopotoka hula saruji nyingi, na kuni zilizoyachoma zimekwisha kuteketea bure. Mara nyingi kosa halimo katika udongo wala katika tanuri, bali katika kalibu.

Kwanza, udongo hunywea ukikauka na kuchomwa. Kwa hiyo mfyatuaji na afanye kipande kirefu cha kujaribia, achore juu yake mstari wa inchi 10, akikaushe, akichome, kisha apime tena. Mstari ukiwa umebaki inchi 9½, basi atakaye tofali la inchi 9 hana budi kutengeneza kalibu ya inchi 9½ kwa ndani. Upana na kimo vifuate kadiri hiyo hiyo.

Pili, mbao ziwe ngumu, zilizopigwa randa upande wa ndani. Nafasi ya chini izidi ya juu kidogo tu, ili tofali litoke bila kushikwa.

Tatu, kabla ya kila tofali, kalibu ichovywe majini na kunyunyizwa mchanga laini. Udongo ushindiliwe hata pembeni, usawazishwe kwa ubao ulionyoka, na kalibu iinuliwe wima. Kisha matofali yafunikwe nyasi yakauke polepole, maana jua kali huyapasua.

Kalibu ya namna hii hutaka vipande vichache vya mbao, nayo huokoa miti mingi mlimani.