STENDI IMARA YA KAMERA: TUANZE NA MIGUU

Siku hizi hapa kwetu Bukoba na Muleba harusi haiendi bila mpiga picha. Ubatizo, maulidi, mahafali ya shule, mkutano wa chama cha msingi, na hata msibani, kote kamera ipo. Vijana wetu wameifanya kazi hiyo kuwa riziki yao. Wengine wamenunua kamera kwa fedha za kahawa za msimu mzima, wengine wamechangishana. Lakini ikifika zamu ya kununua stendi, yaani ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, wanasema, "Hiyo nayo ni nini? Tuchukue yoyote." Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Sisi tuliona kwa macho yetu. Tulikuwa harusini upande wa Kamachumu, na upepo ulikuwa unavuma kweli kweli. Stendi ilikuwa mpya, inang'aa, nyepesi, miguu yake kama matete. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi aliitazama akasema, "Hicho kitu chenu kimesimama kama ndama aliyezaliwa leo." Watu wakacheka. Maharusi walipoingia, watoto wakakimbilia mbele, mmoja akaugusa mguu mmoja tu. Stendi ikaenda chini na kamera yake, lenzi ikapasuka. Kamera ile ilikuwa mali ya vijana watano, na sehemu ya fedha walikuwa wamekopa. Lenzi imekufa, deni liko palepale.

Basi leo tujifunze namna ya kuchagua stendi inayoweza kubeba kamera nzito, nayo isitumalize mfukoni.

Kwanza tujiulize: kwa nini miguu ni mitatu, siyo minne? Kina mama wanajua jibu. Mafiga ni matatu. Meza ya miguu minne ukiiweka penye mabonde inacheza, mpaka uitafutie kijiti cha kukingia. Kitu cha miguu mitatu hakichezi, hata ardhi iwe mbaya namna gani. Lakini tuangalie: kutocheza siyo kutoanguka. Chora mstari chini kutoka mguu mmoja hadi mwingine, utapata pembetatu. Uzito wa kamera ukibaki juu ya pembetatu hiyo, stendi inasimama. Uzito ukitoka nje, inaanguka. Kwa hiyo miguu ikipanuka vizuri ni usalama, ikibanana ni hatari.

Wapimaji wa ardhi walijua jambo hili zamani. Kati ya mwaka 1902 na 1904 Waingereza na Wajerumani walituma wapimaji kuupima na kuuwekea alama mpaka wa magharibi ya ziwa letu, kwenye mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta. Ndiyo sababu ile ardhi ya Missenyi iliyo ng'ambo ya mto Kagera iko Tanzania. (Ni ardhi hiyo hiyo aliyoivamia Idi Amin mwaka 1978.) Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa darubini ya kupimia iliyosimama juu ya miguu mitatu. Darubini ikitikisika kidogo tu, mstari unapotea. Na wewe ukipiga video kwa lenzi ndefu ya kuvuta mbali ni hivyo hivyo: mtikisiko mdogo wa miguu unaonekana mkubwa kwenye picha.

Sasa twende sokoni. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, pima uzito wa vyombo vyako. Mwombe mwenye duka mizani yake ya kupimia sukari. Weka kamera, lenzi, betri, maiki na taa, vyote pamoja kama unavyovitumia kazini. Tuseme kamera ni gramu 900, lenzi kubwa gramu 1,500, maiki na taa gramu 600. Jumla ni gramu 3,000, yaani kilo 3. Stendi nyingi zimeandikwa uzito zinaoweza kubeba. Sisi tunashauri uchukue iliyoandikwa mara mbili ya uzito wako. Hapa itakuwa kilo 6. Maandishi ya kiwandani ni ya kujisifu kidogo, na hayakuhesabu upepo wala watoto wa harusini.

Halafu tazama miguu. Chukua rula upime unene wa bomba la juu. Bomba la milimita 22 ni la kamera ndogo. La milimita 28 linafaa kazi nyingi za kijijini, na la 32 ni la mizigo hasa. Kila mguu una vipande vinavyoingiana. Vipande 3 ni bora kuliko 5, maana kila kipande kinachofuata ni chembamba kuliko cha juu yake, na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Ile nguzo ya katikati inayopanda juu usiitegemee. Ukiipandisha, kamera yako imesimama juu ya mguu mmoja. Ni afadhali ununue stendi inayokufikia machoni bila kuipandisha.

Sasa ijaribu. Ifungue yote, ikaze, weka viganja viwili juu ya kichwa chake, kandamiza. Mguu ukirudi ndani, iache. Kisha shika kichwa ukizungushe kidogo kama unayekamua nguo. Ikijisokota, iache. Muuzaji akikukataza kuijaribu, mshukuru uende duka la pili.

Kichwa nacho kina maneno yake. Kwa picha za kawaida, kichwa chochote kinachokaza bila kuteleza kinatosha. Kwa video tafuta kichwa chenye mafuta mazito ndani na mkono wa kugeuzia. Hicho hugeuka polepole bila kushtukashtuka. Skrubu inayoshika kamera ni ya robo inchi. Ikipotea, usidanganywe ukafunga boliti ya milimita 6, ile ya spana namba 10. Zinafanana kwa macho, lakini meno yake ni mengine, na utaharibu tundu la kamera.

Miguu ya kaboni ni myepesi lakini ni ghali. Miguu ya alumini ni mizito kidogo, bei yake nafuu. Anayekwenda kwa bodaboda na kurudi jioni haoni sababu ya kulipia wepesi. Tena uzito wa stendi ni rafiki yako. Kwa maoni yetu, alumini nene iliyokwisha tumika ni bora kuliko mpya iliyo nyembamba. Kwenye iliyotumika kagua klipu za kubania, maana ndizo zinazovunjika kwanza.

Njia nyingine ipo, nayo wengi hawaijui. Stendi ya mbao ya mpima ardhi, ikipatikana iliyotumika, ni imara sana. Mbao humeza mtikisiko, na ncha zake za chuma hukanyagwa kwa mguu zikazama ardhini. Ubaya wake ni uzito, hupita kilo 5. Boliti yake pia ni nene, inchi 5/8, hivyo fundi wa chuma akutengenezee bamba la kuunganisha kichwa cha kamera. Bamba liwe nene, lisipinde.

Baada ya kununua, kuna mambo ya hapa kwetu. Bukoba mvua ni nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi huwa laini. Weka jiwe bapa chini ya kila mguu. Ndani ya nyumba iliyotandikwa nyasi kwa ajili ya sherehe, sogeza nyasi mpaka mguu uguse sakafu, maana nyasi hubonyea taratibu na picha ikalala upande. Penye upepo, jaza mawe kwenye mfuko uutundike katikati ya stendi, chini uguse ardhi kidogo usibembee. Na mguu mmoja uelekee mbele, kule lenzi inakotazama, maana huko ndiko uzito unakovuta.

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Kamera ya kikundi ni gramu 800, lenzi gramu 700, maiki gramu 250, taa gramu 450. Stendi imeandikwa kilo 4. Je, muinunue?

2. Leteni stendi moja iliyopo kijijini. Pimeni unene wa bomba, hesabuni vipande vya mguu, kisha ikandamizeni kwa viganja viwili. Andikeni mlichoona.