Maumivu ya Kichwa na Vidonge vya Kila Siku

Semesta iliyopita nilikuwa natembea na pakiti ya vidonge kwenye begi, pembeni ya kalamu. Parasetamoli, ile ambayo wengi tunaiita Panadol hata kama pakiti ina jina lingine. Naamka kichwa kinagonga, nameza viwili. Saa nne kipindi kikiisha, kichwa tena. Rumeti wangu alinibatiza jina la "duka la dawa", maana kila aliyeumwa bwenini alikuja kuomba kwangu.

Sikuona tatizo. Kwani chuoni nani haumwi kichwa? Unapiga msuli hadi saa nane usiku, saa kumi na mbili uko macho, chai unairuka ili bumu lisikatike katikati ya mwezi, halafu unakaa kwenye kimbweta jua limekukodolea na maji hujagusa. Kichwa kisiume kwa nini? Maumivu ya namna hii, yanayobana kama umefungwa kitambaa kwenye paji la uso na kushuka shingoni, ndiyo ya kawaida kuliko yote, na mara nyingi huisha ukila, ukinywa maji na kulala. Kipandauso ni habari nyingine. Mara nyingi hupwita upande mmoja, huleta kichefuchefu, mwanga unakuwa adui, na bila matibabu kinaweza kukaa hadi siku tatu. Kwa hiyo mwenzako akikuomba ufunge pazia, usimwambie anadeka.

Kilichonipeleka kwa daktari ni ukurasa mmoja. Nilikuwa nasoma desa la Saikolojia ya Elimu, ukurasa uleule mara nne, na kila nikifika chini sikumbuki juu kulikuwa na nini. Cha kuchekesha, ukurasa wenyewe ulihusu kumbukumbu: kwamba akili hushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja inapoyafanyia kazi. Maumivu nayo yanadai kushikiliwa. Yakiingia, kuna kitu kinatoka, na kwangu kilichokuwa kinatoka ni masomo.

Kipimo cha malaria kilipoonyesha sina, daktari akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mdogo wangu, mwezi huu umemeza dawa siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tukahesabu pamoja kurudi nyuma, tukafika siku 19. Mwezi uliotangulia haukuwa na nafuu, na uliokuwa kabla yake vilevile.

Kumbe dawa za maumivu, mtu mwenye tabia ya kuumwa kichwa akizimeza mara kwa mara, zenyewe zinaweza kuyazaa maumivu upya. Madaktari hulishuku tatizo hili pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, na mtu amekuwa akimeza dawa za kawaida kama parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, mfano aspirini na kafeini ndani ya kidonge kimoja, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Hapo ndipo nilipokosea. Wanahesabu siku, mimi nilikuwa nahesabu vidonge. Nilijisifu kwamba sijawahi kuvuka vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, ambacho ndicho kikomo cha mtu mzima na ukikipita unaliweka ini hatarini. Basi nikajiona salama.

Tiba yake ni kuacha, na daktari alinionya kuwa siku za mwanzo kichwa kingezidi. Wiki iliyofuata nilikuwa na tesiti. Nikamwambia, "Dokta, niache baada ya tesiti." Akajibu kwamba baada ya tesiti kutakuwa na UE, na baada ya UE kutakuwa na kitu kingine.

Niliacha. Siku ya tatu nililala na taulo lenye maji usoni huku wenzangu wako kwenye diskashen. Tesiti nikapata 9 kati ya 20, na alama hizo hazirudi. Wiki ya tatu niliamka asubuhi moja nikakaa kitandani nasikilizia, kichwa kimetulia.

Aliniagiza pia niandike kwenye daftari kila siku ya kichwa, nimekula nini na nimelala saa ngapi. Daftari liliniumbua. Siku nyingi za kichwa zilikuwa siku nilizoruka chai, na nyingine ni Jumapili, siku ambayo sinywi kahawa. Mwili uliozoea kafeini kila siku ukiikosa, kichwa kinaweza kuuma ndani ya siku moja.

Kuna maumivu ambayo si ya kuandikia daftari. Kichwa kikikupiga ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuusikia, au kikija na homa na shingo ngumu, degedege, upande mmoja kulegea, kuona vibaya au ulimi mzito, au baada ya kugonga kichwa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Bwenini bado wanakuja kuomba vidonge. Siku hizi nauliza kwanza, mwezi huu siku ngapi? Wengi wanacheka. Juzi mmoja alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akakaa kitandani kwangu na kuomba alione hilo daftari.