Dondoo muhimu: Mkienda kuwapigia wazee muziki

Makazi ya wazee Fungafunga, Morogoro, ni ya serikali. Ombeni ruhusa mapema. Mkifika, shikamoo kwa kila mmoja kabla ya kufungua gitaa.

Gitaa kavu na tumba vinatosha. Spika kubwa ziacheni: kwa asiyesikia vizuri, kelele huvuruga maneno.

Si kila mzee anataka kwaya! Mji huu ulikuwa wa dansi, kwa hiyo anzeni na nyimbo za Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, halafu za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Taratibu, waimbe nanyi. Mzee wa kutoka milima ya Uluguru akitaka ngoma ya kwao nanyi hamuijui, mpeni ngoma aipige yeye.

Anayetaka kulala, msimwamshe.