Mlango wa oveni umekataa kufunguka

Swali: Niliwasha oveni ya umeme ijisafishe, stima ikapotea katikati. Imerudi, lakini mlango haufunguki. Nivunje kioo? – Msomaji, Merigi, Bomet

Jibu: Usivunje chochote, na bisibisi iweke mbali. Oveni ikijisafisha hukaribia nyuzi 500 za Selsiasi, ndiyo maana komeo hujifunga hadi joto lishuke. Komeo lenyewe huendeshwa na mota ndogo. Stima ikikatika, hubaki pale pale lilipofika.

Iache ipoe kabisa, hata ikichukua saa kadhaa. Zima swichi ya ukutani kwa dakika tano, washa, kisha rekebisha saa, kwa sababu oveni nyingi hugoma saa ikimetameta. Bado? Anzisha usafishaji upya, na baada ya dakika moja usitishe. Mara nyingi mota humaliza mzunguko wake na komeo huachia.

Ikikataa, huenda mota, swichi ya komeo au kihisi joto kimeharibika. Hapo mwite fundi.

Mvua za radi na mawe huko kwenu hupenda kuja alasiri, mawingu yakisukumwa na upepo wa Ziwa Victoria. Siku nyingine safisha oveni asubuhi, kabla ya mvua hizo kukata stima.