Dondoo muhimu: Kuanza maisha Old Moshi

Zamani kijana alimegewa kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, majirani wakasaidia kusimamisha nyumba. Vyombo vilisubiri fedha ya kahawa. Leo wengi huanzia chumba cha kupanga, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo. Itenge hiyo kwanza.

• Godoro kabla ya kitanda. Sofa lisubiri, hata shangazi akinung'unika.

• Mashuka na mapazia: mitumba ya soko la Kiboriloni au la Memorial, Moshi. Kunjua shuka lote ulitazame kwenye mwanga. Katikati ndipo linapochakaa. Blanketi usilifanyie ubahili, Julai huku mlimani Kilimanjaro ni baridi kweli.

• Mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, ndoo yenye mfuniko.

• Ukienda kuwasalimia wazazi, omba mkungu wa ndizi.