Feza ya kodi iwekwe mbele

Ninyi walimaji, sikieni. Mutu wa kazi ya kompani, karani anakata kodi yake katika mushahara. Wewe huna karani. Feza yote ya mahindi inaingia mukononi mwako, na siku ya kodi ingali mbali.

Zamani za Leopold II watu walilipa kwa mupira na kwa kazi. Amri ya mwaka 1910 ikaleta kodi ya feza. Baba yangu aliuza mahindi, akala feza yote. Siku ya kodi akauza mbegu. Mvua ikanyesha, tukatazama mashamba ya wengine.

Basi hesabu hivi. Tuseme kodi yako ni franka 60, na magunia ya kuuza ni 6. Usiweke franka 10 kwa kila gunia. Weka 15 kwa kila moja la magunia 4 ya kwanza, maana yale ya mwisho hayana hakika: wadudu wanayala, na ugonjwa unaomba feza. Itie katika mukebe wake, mbali na feza ya chumvi na nguo. Bibi yako aijue, naye alilima. Mutoza kodi akikubali kupokea nusu mbele, mupe, lakini usiondoke pasipo karatasi yenye chapa.